Nani Mwenye Kalamu ya Mipaka?

Jioni moja mjukuu wangu wa darasa la nne aliniletea daftari lake la kazi za nyumbani. Swali lilikuwa jepesi: Taja jiji unaloishi. "Babu," akaniuliza, "niandike Dar es Salaam?" Nilifungua kinywa kumjibu ndiyo, kisha nikakifunga. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na mwalimu hana ruhusa ya kumpa mtoto jibu ambalo yeye mwenyewe analitilia shaka.

Tunakaa Tandale, Wilaya ya Kinondoni, Mkoa wa Dar es Salaam. Hayo hayana ubishi. Lakini tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Sisi wa Kinondoni, pamoja na wenzetu wa Temeke, Ubungo na Kigamboni, tumo katika mkoa wenye jina la jiji ila hatumo katika halmashauri ya jiji hilo. Nyumba yangu haikusogea. Soko la Tandale liko palepale na magunia yake ya maharage na mchele, na Mto Ng'ombe ungali unatutia hofu kila masika. Mimi nililala nikiwa mtu wa jiji, nikaamka si mtu wa jiji, na hakuna aliyenigongea mlango kuniuliza.

Nilimwambia mtoto aandike Dar es Salaam, na mwalimu wake akampa vema. Lakini swali lile halikuniacha. Kama mtoto hawezi kujibu anaishi katika jiji gani bila kwanza kuuliza Serikali imeamua nini mwaka huu, basi mipaka tunayoishi ndani yake si yetu. Tumeazimwa tu.

Nikaitoa Katiba kabatini. Kila Mtanzania anayejua kusoma angefaa kuwa nayo nyumbani, kama tulivyo na Msahafu na Biblia, maana imeandikwa kwa Kiswahili chetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, mwanzoni kabisa, Ibara ya 2, ibara ndogo ya pili, inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa ajili ya utekelezaji bora wa shughuli za Serikali, akifuata utaratibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Soma tena, ndugu msomaji, utaona linalokosekana. Shughuli zinazotajwa ni za Serikali. Mwananchi anayekatwa na kuunganishwa hatajwi. Ukienda Ibara ya 8 ya Katiba hiyohiyo unaambiwa kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mbona basi msingi huo hauulizwi nyumba inapobomolewa na kujengwa upya?

Watanijibu kwamba upo utaratibu. Ni kweli. Ipo Sheria Na. 12 ya mwaka 1994 kuhusu uanzishaji wa mikoa na wilaya, na zipo sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982. Pendekezo hupita katika vikao: mkutano wa kijiji au mtaa, kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, hatimaye Waziri na Rais. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo nikiwa mwalimu mkuu, nikakalia viti vya plastiki mpaka mgongo ukauma. Lakini jina lenyewe linasema: kamati ya ushauri. Ushauri si idhini. Mtu akikushauri usiuze shamba la urithi unaweza kumsikiliza, unaweza pia kumpuuza. Mwenye idhini ukimpuuza, mauzo ni batili. Sisi wananchi, katika jambo la mipaka, tumewekwa upande wa washauri, tena washauri wa mbali.

Sisemi haya kwa kusoma vitabu tu. Nilizaliwa kandokando ya Ziwa Victoria miaka sabini na kitu iliyopita, katika eneo la Biharamulo. Nilipoondoka nyumbani mwaka 1970 kuja Dar es Salaam kusomea ualimu, nilijaza fomu kuwa natoka Mkoa wa Ziwa Magharibi. Baada ya vita na Idi Amin, mkoa wetu ukaitwa Kagera. Katika miaka ya 2000 Biharamulo ikagawanywa, sisi tukawa Wilaya ya Chato. Mwaka 2012 tukatolewa Kagera tukatiwa Mkoa mpya wa Geita. Mwaka 2021 likazuka tena pendekezo la kuwa na Mkoa wa Chato. Kaburi la baba yangu halijasogea hata hatua moja, lakini nikitaka kueleza liko wapi inabidi kwanza niulizwe: kwa ramani ya mwaka gani?

Nakiri, na mkweli lazima akiri, kwamba mgawanyo mwingine ulituletea nafuu. Zamani mgonjwa au mwenye shauri alikwenda Biharamulo kwa safari ya siku nzima. Leo ofisi ya wilaya iko jirani. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba wilaya ni kama kisima: heri kikiwa karibu. Wala sina ugomvi na kisima. Ninachouliza ni nani anayeamua kichimbwe wapi, na kwa fedha za nani, na kwa nini wale watakaoteka maji ndio wa mwisho kujua.

Maana zipo hasara ambazo mchora ramani hazioni. Namkumbuka mwalimu mmoja, mama mjane, aliyefanya kazi chini yangu kabla hajahamishiwa mkoani. Wilaya aliyohamia, ambayo sitaitaja, ilikuja kugawanywa mara mbili. Alipofika umri wa kustaafu, faili lake halikuwa katika wilaya mpya wala katika ya zamani. Wa hapa walisema liliondoka na samani. Wa kule walisema halikufika. Alipanda mabasi baina ya miji miwili kwa miaka mitatu akiwa na bahasha ya vivuli vya barua zake za kazi, huku akilishwa na wanawe. Mafao alikuja kuyapata, lakini kwanza aliuza cherehani, kisha mabati aliyokuwa amejiwekea. Siku mpaka ulipotangazwa palipigwa ngoma. Siku mama yule alipouza cherehani hapakuwa na ngoma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Turudi hapa Dar es Salaam, maana jiji hili ni darasa zima la somo hili. Lilipewa hadhi ya jiji mwaka 1961, mwezi uleule wa Uhuru. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya kuchaguliwa yakafutwa nchi nzima, yakiwamo ya miji. Mpango ule uliitwa kupeleka madaraka mikoani, lakini waliopelekwa walikuwa maofisa. Mitaro ikaziba, taka zikalundikana, kipindupindu kikaingia mijini. Mwaka 1978 Serikali ikayarudisha mabaraza ya miji, na yale ya wilaya yakafuata katika miaka ya 1980. Mwaka 1996 Serikali Kuu ikalivunja tena Baraza la Jiji na kuweka Tume ya Jiji. Mwaka 2000 tukapewa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na halmashauri ya jiji juu yake. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Kwa hiyo Sinza na Manzese, ambako mimi naenda kwa miguu kununua dawa na kurudi kabla chai haijapoa, leo ni wilaya nyingine. Kisha ikaja Februari 2021. Katika uhai wa mtu mmoja baraza la jiji hili limefutwa mara tatu, na sikumbuki hata mara moja kuitwa kupiga kura ya kulifuta au kulirudisha.

Sababu zilizotolewa mwaka 2021 hazikuwa za kitoto. Ilisemwa kwamba halmashauri ya jiji haikuwa na eneo lake, ilikuwa imekaa juu ya manispaa nyingine, na posho za madiwani wake zilikuwa mzigo. Huenda ni kweli. Lakini hoja nzuri haiogopi kuulizwa. Kama ilikuwa hoja nzuri, ingepelekwa kwa wakazi, ambao kwa sensa ya 2022 ni zaidi ya milioni 5, wakaelezwa na wakaamua. Uamuzi mzuri uliofanywa bila sisi unatuzoesha kukubali uamuzi mbaya utakaofanywa bila sisi.

Na uamuzi mbaya hufanywa hata na watu wema. Mwalimu Nyerere, ambaye kizazi changu kilimpenda na kingali kinampenda, alikuja kukiri hadharani mwaka 1984 kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Nalipenda kukiri kule kuliko hotuba nyingi za viongozi wengine. Lakini tujiulize: kosa lile lilidumu zaidi ya miaka kumi kwa sababu gani? Kwa sababu hapakuwa na mlango wa kikatiba ambao kosa lingekwama. Kama kalamu ya mtu mwadilifu kiasi kile iliweza kuteleza, tuna sababu gani ya kumwachia kalamu ileile kila atakayekuja, bila kujua ni nani?

Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu anayeuza nafaka sokoni, hapendi ninaposema hivi. "Mwalimu," huniambia, "wewe unataka tugombane. Ukiwauliza watu mipaka, kila kabila litadai mkoa wake. Heri mkubwa mmoja aamue, nchi itulie." Hoja hii siidharau. Mwaka 1963 tulifuta utawala wa machifu. Yale majimbo makubwa ya mkoloni tukayakata kuwa mikoa midogo, na hatukuipima mikoa hiyo kwa kabila. Kalamu moja ilisaidia kutufanya taifa moja. Lakini dawa ya utotoni si chakula cha utu uzima. Leo madai ya mipaka hayatoki kwa machifu. Mara nyingi hutoka kwa wanasiasa wanaotafuta jimbo, na kwa wafuasi wanaotafuta vyeo. Penye kalamu moja, njia fupi ni kumbembeleza mwenye kalamu. Hapo ndipo wilaya inapoacha kuwa chombo cha huduma ikawa zawadi, na zawadi hupendeza zaidi unapokaribia uchaguzi.

Tuwatazame majirani. Kenya ilipitia njia hiyo mpaka mwisho wake. Wilaya ziliongezwa kwa matamko ya wakubwa majukwaani, hata Mahakama Kuu mwaka 2009 ikatamka kwamba wilaya nyingi zilikuwa hazina msingi wa sheria, maana sheria ya mwaka 1992 ilizitambua 46 tu, mbali na Nairobi. Wakenya hawakusahau. Katika Katiba yao ya mwaka 2010 waliziorodhesha kaunti 47 kwa majina. Kubadili mpaka wa kaunti kunahitaji pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa, na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Rais wa Kenya hawezi kusimama jukwaani akaigawa Kakamega. Je, wameondokana na ukabila? La hasha. Lakini mkazi wa kaunti analala akijua ataamkia wapi.

Uganda inatufundisha upande wa pili. Huko Katiba ya mwaka 1995 imelipa Bunge uwezo wa kuunda wilaya, na bado wilaya ambazo mwaka 1990 zilikuwa chini ya 40 leo zimezidi 130. Kwa hiyo sisemi kwamba Bunge peke yake ni dawa. Wabunge nao wanapenda zawadi. India vilevile, Ibara ya 3 ya Katiba yao inalipa Bunge uwezo wa kuunda majimbo mapya, na bunge la jimbo linalokatwa huombwa maoni tu. Mwaka 2014 Telangana ilimegwa kutoka Andhra Pradesh ingawa bunge la jimbo lilikataa. Maoni, tena maoni! Lakini hata huko jambo lilijadiliwa bungeni. Amri inayotoka katika Gazeti la Serikali haina mjadala wa kuusoma baadaye.

Na hapa kwetu lipo fundo jingine ambalo watu wazima tunalipita kimyakimya. Katiba ya Muungano inasema Rais wa Muungano atashauriana na Rais wa Zanzibar kabla ya kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya. Katiba ya Zanzibar, tangu mabadiliko ya mwaka 2010, inasema Rais wa Zanzibar ndiye anayeweza kuigawa Zanzibar, kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi. Karatasi moja, kalamu mbili, na hakuna aliyeamua ipi iandike. Wengine wanaona huu ni ugomvi wa wanasheria. Mimi naona ni ushahidi kwamba hata wakubwa wamekwisha kutambua: anayechora mpaka ndiye mwenye nyumba. Wazanzibari hawakutaka nyumba yao ichorwe na mwingine. Nawaelewa. Ila nawauliza, na najiuliza: baada ya kalamu kuhamia Unguja, imemfikia mkulima wa karafuu wa Pemba, au imebadilisha mfuko tu?

Hata majimbo ya uchaguzi, Ibara ya 75 inasema Tume ya Uchaguzi huyagawa baada ya kupata kibali cha Rais. Mwaka 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya 8, jumla yakawa 272. Huenda yote yalihitajika kwa wingi wa watu. Lakini inakuwaje mchezaji mkubwa wa uwanjani awe ndiye anayetoa kibali cha kupaka chokaa mistari ya uwanja? Shuleni kwangu hata mechi ya darasa la sita na la saba haikuchezwa hivyo.

Basi nataka nini? Mwanafunzi anayekosoa bila kutoa jibu nilikuwa nampa sifuri, nami sitaki sifuri. Kwanza, mikoa yote, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, iorodheshwe kwa majina katika Katiba. Kubadili neno lolote la Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge. Watu milioni moja si pungufu ya neno. Pili, wilaya na halmashauri zisigawanywe wala kuvunjwa mpaka wakazi wenyewe wapige kura ya siri, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, na kura hiyo iwe idhini. Tatu, kabla ya kura, Serikali ichapishe gharama kwa Kiswahili chepesi: majengo kiasi gani, magari mangapi, mishahara ya nani, na ni zahanati gani itakayosubiri. Nne, usitangazwe mpaka mpya ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Tano, mafaili ya watu yahamishwe na kuhakikiwa kabla ya ngoma kupigwa. Hili la tano wataalamu watalicheka. Mama yule wa cherehani hatalicheka.

Wataniambia kwamba kwa utaratibu huu nchi itakwenda polepole. Naam, na iende polepole. Ualimu umenifundisha kwamba mtoto anayemaliza hesabu kabla ya wenzake wote mara nyingi amenakili. Mambo ya mipaka hayana haraka. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mwaka 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Warioba ilipotoa rasimu yake, nchi nzima ilibishana juu ya serikali mbili au tatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum likapitisha andiko lake, na kura ya maoni iliyotarajiwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Tulibishana sana juu ya paa na tukasahau kuta. Iwe serikali mbili, iwe tatu, mtu wa Tandale ataendelea kukutana na Serikali katika mtaa, kata na wilaya. Siku mchakato wa Katiba utakapofufuliwa, naomba aliye kijana leo asimame mkutanoni aulize swali hili moja kabla ya mengine: nani mwenye kalamu ya mipaka?

Katika ofisi yangu ya shule nilikuwa na ramani ya Tanzania niliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila. Bara ilikuwa na mikoa 20. Mwaka 2002 nikaifuta Arusha kwa kifutio ili nipate nafasi ya Manyara, na karatasi ikachanika kidogo. Nilistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata ikazaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe. Ramani ile ninayo bado, imekunjwa juu ya kabati. Mjukuu wangu aliniomba tuisahihishe pamoja, nami nimemwahidi tutafanya hivyo. Lakini nimemwambia ukweli: mstari wa nje, ule wa nchi, tutauchora kwa wino. Ile ya ndani tutaichora kwa penseli, mpaka siku wenye nchi watakapoulizwa.